Imani Inayorudi Kliniki

Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili, na Pasta Msaidizi
Somo: Marko 5:21–43. Soma pia 2 Wafalme 5:1–14.

 

Kabla sijaenda mbali, niseme kwamba familia nitakayoizungumzia iko hapa kati yetu. Wamenipa ruhusa, na wameyasoma haya maneno kabla hayajachapishwa. Majina nimeyaacha. Anayewajua anawajua, na asiyewajua hahitaji jina ndipo asaidike. Kuna pia mama mmoja wa ushirika wetu wa Kibera ambaye ameniruhusu. Hao ndio wahubiri wa leo. Mimi nimewashikia maiki tu.

BABA ALIYE NA HARAKA

Yairo mnamjua. Alikuwa mkubwa wa sinagogi, mtu wa heshima zake. Lakini mtoto akiumwa, heshima unaiweka kando. Alianguka miguuni pa Yesu mbele ya watu wote akamsihi aende kwake, kwa sababu binti yake wa miaka 12 alikuwa karibu kufa. Yesu akakubali. Wakaanza safari.

Kama ni sisi tungeandika hii habari, ingeishia hapo. Baba ameamini, Yesu amekubali, mtoto apone, tuimbe. Lakini Marko anasema njia ilijaa watu wakisukumana, kama stage ya Kawangware saa kumi na mbili jioni mvua ikianza. Halafu Yesu anasimama. Anauliza ni nani amemgusa. Kumbe kuna mama ambaye ametokwa na damu miaka 12, amemaliza mali yake yote kwa matabibu na bado hali inazidi. Yesu anamsubiri huyo mama aeleze habari yake yote. Yote! Na Yairo amesimama hapo hapo. Mtoto anakata roho nyumbani, na yeye yuko kwenye foleni.

Mzazi ambaye amekaa kwenye benchi la hospitali na mtoto mgonjwa mapajani anaijua hiyo dakika. Umeamka saa kumi usiku, umefika, namba yako ni ya sitini, na aliye mbele yako anaeleza shida yake polepole. Huwezi kumchukia, maana yeye pia ni mgonjwa. Lakini moyo unawaka.

Sasa angalia jambo moja. Marko haandiki neno lolote ambalo Yairo alisema wakati huo. Alibaki tu. Hakurudi nyumbani, hakuenda kutafuta mtu mwingine. Hata walipokuja kumwambia asimsumbue tena mwalimu, mtoto ameshakufa, Yesu alimtia moyo aiache hofu na aendelee kuamini, naye akaendelea kutembea. Hiyo ndiyo imani nataka tuizungumzie leo, imani ya kubaki njiani na Yesu. Kwa mtoto mgonjwa wa siku hizi, hiyo imani inaonekana kwa kitu cha kawaida sana: kurudi kliniki tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, mpaka daktari aseme imetosha.

KITU CHEUPE KWENYE JICHO

Hii familia inaishi Kawangware, upande wa Gatina. Mama anauza mboga, baba anafanya kazi ya mjengo. Mwaka juzi kitinda mimba wao, msichana, alikuwa na miaka miwili. Jioni moja alipogeukia balbu, mama aliona kitu cheupe ndani ya jicho la kushoto. Akadhani ni mwangaza. Siku chache baadaye jirani akapiga watoto picha kwa simu, na kwenye ile picha jicho moja la mtoto liling'aa jeupe kama la paka usiku.

Wakamleta kwangu. Ilikuwa Jumatano, maombi ya jioni. Nilimpaka mafuta, nikamwekea mkono, nikaomba kwa nguvu, kanisa likaitikia. Halafu nikamwambia mama, "Nenda nyumbani ukishukuru. Hiyo kitu imeisha."

Sikuuliza swali moja rahisi: mmeenda hospitali?

Mimi nina digrii ya biashara. Tulifundishwa usitie sahihi vitabu vya hesabu ambavyo hujavikagua. Lakini ile Jumatano nilitia sahihi ya Mungu kwa kitu ambacho sikukikagua, na Mungu mwenyewe hakuwa amenituma.

Wiki sita zikapita. Mama aliona weupe unazidi, na jicho limeanza kwenda upande. Hakusema. Aliogopa kwamba akisema, ataonekana amepoteza imani. Wapendwa, hebu sikieni hilo vizuri. Mama aliogopa kumwambia mchungaji wake kwamba mtoto hajapona. Nilikuwa nimemfungia mlango, na nilitumia maneno ya imani kuufunga.

Aliyeufungua ni dada mmoja wetu, mhudumu wa afya ya jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba. Aliiona ile picha kwenye simu. Hakuhubiri. Alisema tu, "Mama, kesho asubuhi tunaenda, mimi na wewe."

Wakaanzia kituo cha afya, wakapewa barua, wakapanda gari za Kikuyu mpaka kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu. Daktari akamwangalia mtoto, akawaambia ukweli bila kuzunguka. Ni saratani ya jicho, inaitwa retinoblastoma.

Niieleze kidogo, kwa sababu kuna mtu hapa atakayeihitaji. Hii saratani inaanzia nyuma ya jicho, kwenye utando unaopokea mwanga, na inawapata hasa watoto wa chini ya miaka mitano. Ishara ya kwanza mara nyingi ni huo weupe, au jicho kuanza kwenda upande. Si kijicho cha jirani. Si laana ya ukoo. Hakuna aliyeroga. Katika nchi tajiri, ambako inagunduliwa mapema, zaidi ya watoto 95 kati ya 100 wanaishi. Ikicheleweshwa inafuata mshipa wa jicho kuelekea ubongo. Kwa ugonjwa kama huo, wiki sita ni muda mrefu sana, na hizo wiki sita ziko kwa jina langu.

KARATASI YA KUSAINI

Daktari alisema jicho litolewe ndipo mtoto aishi. Mama alikubali akilia. Baba akakataa. Kuna watu wa kikundi fulani cha maombi walikuwa wamemwambia kwamba akisaini ile karatasi, atakuwa amemkana Mungu aliyempa mtoto macho mawili.

Nilienda kwake usiku. Ni nyumba ya chumba kimoja, watoto wamelala nyuma ya pazia. Mama alinipa stuli, akakaa kitandani. Baba hakuniangalia. Aliniuliza, "Pasta, si ni wewe ulisema imeisha? Sasa nisaini nini?"

Nilikuwa nimekuja na mistari ya Biblia. Nikaona kwanza nina deni. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nilikosea. Nilitoa ahadi kwa jina la Mungu, na yeye hakuwa amenipa. Naomba mnisamehe, wewe na mama."

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza kile kilichokuwa kinamla ndani. "Na siku akikua aniulize ni nani alikubali jicho lake litolewe, nitamwambia nini?"

Nikasema, "Siku akikuuliza hivyo, itakuwa ni kwa sababu amekua."

Tulikaa mpaka saa sita usiku. Hakusaini mbele yangu. Alisaini kesho yake, na anasema si mimi niliyemshawishi. Aliamka usiku akamulika mtoto na simu akiwa amelala, akamwangalia mpaka alfajiri.

Je, kusaini ni kukosa imani? Fungua 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia ni mgonjwa wa kufa, analia mbele za Mungu, na Mungu anatuma nabii Isaya amwambie atapona na ataongezewa miaka 15. Ahadi imetoka kwa Mungu mwenyewe. Na bado Isaya huyo huyo anaagiza waandae dawa ya tini waiweke kwenye jipu. Ahadi na dawa zilikuwa chumba kimoja, na hazikugombana. Yule Msamaria wa Luka 10 alisafisha vidonda kwa mafuta na divai, akampandisha mtu kwenye mnyama wake, kisha akalipa bili. Na huyo Luka aliyetuandikia hiyo habari, Paulo anamtaja katika Wakolosai 4:14 kama tabibu. Mungu hakuona haya kutumia kalamu ya daktari kuandika Injili.

Sisi Wakenya tumeshaona mahali ambapo mafundisho yanaweza kufikisha watu. Mwaka 2023 huko Shakahola, Kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa, wakiwemo watoto wengi. Ni rahisi tuseme hao ni watu wengine kabisa, sisi si kama wao. Mimi nikikumbuka ile Jumatano yangu, siwezi kujisifu. Wao walienda mbali sana na mimi nilienda hatua chache, lakini njia ilikuwa moja: mtu mzima anasema maneno makubwa, na mtoto ndiye anayelipa.

DAKTARI WA JICHO MOJA

Kuna mtu nilimweleza yule baba habari zake baadaye, wakati mtoto amefungwa bandeji na yeye hataki kumwangalia usoni. Nataka mzibebe na ninyi.

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Akiwa mvulana wa miaka 11 alipata ajali akapoteza jicho moja. Alikuwa mtu wa maombi, akasoma udaktari, akaomba kazi ya serikali ya kikoloni katika Afrika, na mwanzoni wakamkataa kwa sababu ya jicho moja. Alifika Afrika Mashariki kama daktari wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, na 1946 akaanza kazi Uganda.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote. Wiki chache baadaye, Jinja, akamwona mtoto mwingine hivyo hivyo. Akaanza kuandika kila mtoto wa namna hiyo. Mwaka 1958 akatangaza alichokiona, na 1961 yeye na wenzake wawili wakaendesha gari karibu kilomita 16,000 katika Afrika, hospitali hadi hospitali, wakiuliza swali moja tu: hapa mmeuona huu ugonjwa? Leo saratani hiyo ina jina lake, na watoto wengi wanaoipata wanapona kwa dawa.

Madaktari wengi wenye macho mawili walikuwa wamewaona watoto wale mmoja mmoja. Yeye aliwaona kama kundi moja lenye ugonjwa mmoja. Nilimwambia baba: mtoto wako amepoteza jicho, hajapoteza kazi ambayo Mungu amemwekea.

MARA YA SABA

Baada ya upasuaji, majibu ya maabara yalionyesha mtoto anahitaji dawa za saratani. Alipangiwa awamu sita, kila baada ya wiki tatu, Hospitali ya Kenyatta. Nywele zikatoka. Akatapika. Mara nyingine damu ikishuka wanaambiwa warudi wiki ijayo, na nauli imeshaenda.

Awamu ya kwanza, kanisa zima lilikuwa pale. Sufuria zilipelekwa, simu zilipigwa. Ya pili, watu kadhaa. Ya tatu, mama alienda peke yake. Lakini mtoto akaanza kunawiri. Akaanza kucheza na kuitisha chapati. Na siku moja baba akanipigia, "Pasta, Mungu ametenda. Tunataka kutoa ushuhuda Jumapili."

Zamani ningeandika jina lake kwenye ratiba hapo hapo. Safari hii nilisema, "Amina. Hebu nikuje nione kadi."

Kadi ilionyesha tarehe ya awamu ya nne imepita siku tisa. Mama akaangalia chini. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika, mtoto anaonekana mzima, wakaona wampumzishe kidogo. Ushuhuda waliotaka kutoa ulikuwa wa kweli, na pia ulikuwa njia ya kumaliza safari bila aibu.

Wapendwa, msiwahukumu. Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, iliwafuatilia watoto wenye saratani wa miaka ya 2007 hadi 2009. Zaidi ya nusu yao waliacha matibabu kabla hayajaisha, na sababu kubwa ilikuwa pesa. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani wanapona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki 30. Watoto wa kule na wa hapa ni wamoja, na Mungu ni yule yule. Tofauti moja kubwa ni nani anafikishwa mpaka mwisho wa matibabu.

Mkumbuke Naamani katika 2 Wafalme 5. Jemadari, ana ukoma, ameambiwa ajichovye Yordani mara saba. Kwanza alikasirika. Waliomrudisha kwenye akili ni watumishi wake, watu wa chini, kama yule dada yetu na ile picha ya simu. Akaingia majini. Sasa niulize: alipotoka mara ya tatu alikuwaje? Biblia haituambii kwamba alikuwa ameanza kupona. Inasema alijichovya saba, ndipo mwili wake ukawa kama wa mtoto mdogo. Angetoka mara ya tatu akaenda kutoa ushuhuda, angekuwa mkoma aliyelowa maji.

Mwambie jirani yako, "Usitoke mtoni mara ya tatu."

Walirudi Kenyatta kesho yake. Waliogopa kugombezwa. Walipokelewa, damu ikapimwa, dawa ikaendelea.

TUFANYE HESABU

Baada ya hapo nilikaa na wazazi tukapiga hesabu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Siku moja ya kliniki: nauli ya kwenda na kurudi, 200. Chakula, 250. Mama hakufungua kibanda, 500. Baba hakuenda mjengo, 700. Jumla 1,650. Kila awamu ilikuwa na safari mbili, moja ya kupima damu na moja ya dawa. Awamu sita ni safari 12. Shilingi 19,800, na hapo hatujanunua hata kidonge kimoja.

Kwa familia moja ya Gatina, hiyo ni kodi ya miezi kadhaa. Lakini ibada hii ina watu wazima kama 120. Ukigawa, ni shilingi 165 kila mtu, kwa matibabu yote. Nilikaa na hiyo namba nikaona aibu. Tulikuwa tunaombea mlima uhamishwe, na mlima wenyewe ulikuwa shilingi 165.

Ndiyo maana katika Marko 2 nawapenda wale watu wanne. Hatuambiwi yule mwenye kupooza aliamini nini. Tunaambiwa Yesu aliiona imani yao. Aliionaje? Ilikuwa juu ya paa inatoboa tundu. Imani ya kanisa inatakiwa ionekane kwa macho. Ina nauli ndani yake. Ina mtu wa kukaa na wale watoto wengine. Ina mtu anayeikumbuka tarehe ya nne, ya tano na ya sita, wakati msisimko umeshaisha.

NA YULE ASIYEPONA?

Sasa naingia mahali pagumu, na naingia kwa ruhusa.

Safari za asubuhi kutoka Kawangware zilikuwa zinamchosha mtoto. Mama mmoja wa ushirika wa Kibera, anaishi Laini Saba, akasema, "Walale kwangu. Kutoka hapa unafika Kenyatta kwa miguu." Basi kila usiku wa kuamkia kliniki, mama na mtoto walilala Laini Saba, na alfajiri huyo mama aliwasindikiza akiwa na chupa ya uji.

Anaijua hiyo njia. Miaka tisa iliyopita alikuwa anaipita na kijana wake wa miaka minne, aliyekuwa na saratani ya damu. Hakukosa kliniki hata moja. Alifunga, alikesha, alitoa sadaka. Mtoto akafa. Na siku ya mazishi, mtu mmoja wa kanisa alimwambia kwamba angeamini zaidi, mtoto angeishi. Huyo mama hakuingia kanisani miaka miwili.

Kama umewahi kumwambia mzazi maneno hayo, mtafute, umwombe msamaha wiki hii. Umri wa mtoto haupimi imani ya mama yake. Wale vijana watatu wa Danieli 3 walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwatoa kwenye tanuru, na hata asipowatoa hawatainamia sanamu. Walisema hivyo kabla hawajajua mwisho. Hiyo ni imani kamili, na haikuwa na uhakika wa kutoka. Na tusisahau, hata binti Yairo alikuja kufa siku nyingine, kama watu wote. Tumaini letu kubwa ni yule aliyemshika mkono. Yeye mwenyewe alikufa akafufuka, na watoto tuliowazika Lang'ata wako mikononi mwake.

Nilimuuliza mama wa Laini Saba kwa nini anajirudisha kwenye ile njia. Akasema, "Pasta, mimi nilikuwa napita peke yangu. Sitaki mwingine apite peke yake." Akanyamaza, halafu akaongeza, "Na kuna siku njiani naumia sana. Andika na hiyo pia." Nimeandika.

CHAKULA KWANZA

Yesu alipofika kwa Yairo, aliwatoa nje waliokuwa wanapiga kelele na wale waliomcheka. Chumbani akabaki na wazazi na wanafunzi watatu. Mtoto mgonjwa hahitaji umati. Anahitaji wachache watakaokaa. Akamshika msichana mkono, akamwita kwa lugha ya nyumbani kwao, naye akasimama akatembea. Watu wakashangaa mno.

Na neno la mwisho la Yesu katika habari hiyo ni lipi? Hakuitisha sadaka. Aliwaambia wasitangaze, kisha akaagiza mtoto apewe kitu cha kula. Wote wamepigwa na butwaa, na Yesu peke yake ndiye aliyekumbuka kwamba mtoto ana njaa.

Mimi nikisoma hapo sasa naona ile chupa ya uji ikipita Mbagathi alfajiri. Nimehubiri miujiza miaka mingi na sikuwa nimeona kwamba muujiza huu uliishia jikoni.

Msichana wetu alimaliza awamu zote sita. Sasa ana miaka minne, yuko PP1, na ana jicho la bandia ambalo siku moja alilitoa darasani mwalimu akapiga yowe. Bado anarudi kupimwa, hasa lile jicho la pili, na ataendelea kurudi kwa muda. Madaktari hawajasema wamemaliza, kwa hiyo na mimi sisemi. Nimejifunza. Jumapili ijayo wazazi watasimama hapa na watatoa ushuhuda wao wenyewe, na kadi watakuja nayo.

WIKI HII TUFANYE

Moja. Angalia picha za watoto kwenye simu yako. Ukiona jicho moja linang'aa jeupe, au mtoto ana makengeza yaliyoanza juzi, usingoje Jumapili. Mpeleke kesho. Tutaomba ukiwa njiani.

Mbili. Kama hujajisajili SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, bonyeza *147# au mwone dada wa afya baada ya ibada. Asiye na mshahara pia anajisajili, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kule Eldoret, watoto waliokuwa na bima ndio walioacha matibabu kidogo zaidi.

Tatu. Tumefungua mfuko wa nauli za kliniki, Kawangware na Kibera pamoja. Hesabu zitabandikwa mlangoni kila mwezi, kila shilingi na risiti yake.

Nne. Wazee na viongozi wa maombi, kuanzia Jumatano hii, kabla ya kumpaka mtu mafuta tutamuuliza kama ameenda hospitali na tarehe ya kurudi ni lini. Halafu tutaomba kwa nguvu zote.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Yairo aliwaza nini Yesu aliposimama kumsikiliza yule mama? Wewe umewahi kusubiri namna hiyo?
2. Kuna jambo unaogopa kuwaambia watu wa kanisa kwa sababu utaonekana huna imani? Ushirika wetu ufanyeje ili liweze kusemwa?
3. Ni familia gani karibu nasi iko kwenye awamu ya tatu, wakati watu wameshaacha kupiga simu?

MAOMBI

Baba, tunawaleta kwako watoto walio wodini usiku huu, na mama waliolala kwenye viti. Wape madaktari na wauguzi macho ya kuona na mikono isiyochoka. Utusamehe pale tuliposema kabla hujasema. Waliozika watoto, uwafariji, na utuzuie tusiwaongezee mzigo. Tupe imani ya kubaki njiani na wewe mpaka mara ya saba, na utukumbushe kubeba uji. Katika jina la Yesu. Amina.